Akiba ya Nani?

Mtu wa Kimilili akiuliza kama gari la haibridi litamwokolea pesa kadiri miaka inavyokwenda, hujibiwa upesi na watu wawili. Muuzaji wa yadi humhakikishia kwamba matumizi ya petroli yatashuka hadi karibu nusu. Fundi wa gereji humwonya kwamba siku betri kubwa itakapokufa, akiba yote itakufa nayo. Kila mmoja ana sehemu yake ya ukweli, lakini wote wawili wanaliangalia gari, na kwa maoni yangu jibu halimo ndani ya gari. Limo kwa anayeuliza: anasafiri kwenda wapi na kwa nini, pesa za kununulia amezitoa wapi, na anaposema ameokoa, amejilinganisha na nani. Hayo ni maswali ya ukweli na ya haki, na yalikuwa yakiulizwa makanisani na misikitini muda mrefu kabla injini ya kwanza haijapanda kuelekea Mlima Elgon.

Tuanze na mashine yenyewe, kwa kuwa maadili yasiyojua kitu kinavyofanya kazi hubaki mahubiri matupu. Gari la haibridi lina injini ya petroli na mota ya umeme. Dereva anapokanyaga breki au kuteremka mlima, mota hugeuka kuwa jenereta, na nguvu ambayo katika gari la kawaida ingepotea kama joto kwenye breki hurudishwa katika betri ili itumike gari linapoondoka tena. Magari mengi ya aina hii hayachomekwi kwenye umeme wa nyumbani. Nguvu yake yote, hata ile inayoitwa ya umeme, asili yake ni petroli iliyolipiwa kituoni. Toyota ilianza kuuza Prius huko Japani mwishoni mwa 1997, na Aqua, inayoonekana sana katika yadi za Kenya, ikafuata mwishoni mwa 2011. Ukishaelewa ufundi huo, unaona mara moja gari hili linashinda wapi. Linashinda palipo na kusimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, kama katika foleni za Nairobi na Mombasa. Safari za Kimilili ni za namna nyingine. Ukitoka mjini kwenda Kamukuywa na kuingia barabara ya Webuye na Kitale, unakwenda mwendo mmoja kwa muda mrefu, na humo injini ya petroli ndiyo inayofanya karibu kazi yote. Ukipanda kwenda Kapsokwony, betri ndogo huishiwa mapema na injini hubaki ikivuta peke yake. Ukirudi, mteremko huijaza betri mapema vilevile, na nguvu inayozidi hupotea. Faida ipo, maana hata injini yenyewe imeundwa kubana mafuta, ila si ile iliyopigiwa debe. Aqua ya kwanza ilitangazwa Japani kuwa inakwenda zaidi ya kilomita 35 kwa lita, kwa kipimo cha maabara kilichoitwa JC08, ambacho Wajapani wenyewe wamekiacha na kushika kingine, WLTC, kinachokaribia zaidi hali halisi ya barabara. Anayepiga hesabu zake Kimilili kwa tarakimu ile ya maabara ameanza na uongo, hata kama si yeye aliyeutunga.

Sasa tuweke mfano, na tarakimu zake ziwe za kukadiria tu. Mwalimu anachagua kati ya magari mawili ya ukubwa mmoja. La petroli tupu linakwenda kilomita 14 kwa lita, la haibridi kilomita 21, na la haibridi linauzwa shilingi 250,000 zaidi. Lita iwe shilingi 185, bei isiyo mbali na zile zilizotangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, kwa miezi kadhaa ya mwaka 2025. Gari la kwanza litakula shilingi 13.20 kwa kila kilomita, la pili shilingi 8.80, na tofauti ni shilingi 4.40. Mwalimu huyu akiendesha kilomita 8,000 kwa mwaka, ataokoa kama shilingi 35,000, na zile 250,000 zitakuwa zimerudi baada ya miaka saba hivi. Lakini ni walimu wangapi wenye 250,000 za ziada mkononi? Akizikopa kwenye Sacco kwa asilimia 1 kwa mwezi, kwa salio linalopungua, na kuzilipa kwa miezi 48, tofauti ile inakuwa kama 316,000, na riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni kama 27,000. Maana yake ni kwamba katika mwaka huo, kwa kila shilingi 35 alizookoa kituoni, 27 zimekwenda moja kwa moja kulipa riba. Gari litajilipa baada ya miaka tisa. Kanuni za Kenya huruhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa halijapita umri wa miaka minane. Akinunua lililofikia ukomo huo, litakuwa na miaka 17 siku litakapoanza kumpa faida ya kweli, na ni vigumu kuamini kwamba betri lililozaliwa nayo itafika huko. Mwislamu anayeepuka riba huenda akangoja mpaka pesa zitimie, na pengine kungoja huko ndiko hesabu bora kuliko zote, kwa kuwa kunamlazimisha aone shilingi 250,000 zikiwa nzima kabla hajaziachia.

Mchukue mtu mwingine, mwakilishi wa mauzo anayezunguka Bungoma, Webuye, Chwele na Kitale kwa kilomita 25,000 kila mwaka. Huyu anaokoa shilingi 110,000 kwa mwaka, na hata kwa mkopo uleule gari limejilipa kabla ya miaka mitatu kwisha. Gari ni lilelile na bei ni ileile. Mmoja amenunua hasara, mwingine amenunua faida. Bei ya petroli, ambayo ndiyo hulaumiwa kila tarehe 14 ya mwezi inapotangazwa upya, haibadilishi picha kama tunavyodhani. Oktoba 2023 lita ilipofika shilingi 217.36 jijini Nairobi, nchi nzima ikapiga kelele, akiba ya mwalimu wetu ingepanda kutoka 35,000 hadi 41,000 tu. Kinachoamua ni kilomita. Na hapa pana jambo ambalo matangazo hayalisemi: gari hili humlipa zaidi anayetumia zaidi. Ili uokoe sana, sharti uchome sana. Kwa hiyo swali la kununua linageuka kuwa swali la safari, na safari ni jambo la maisha ya mtu mzima, la kazi yake, wajibu wake na tamaa zake. Kikokotoo hakiwezi kumjibia hayo.

Injili ya Luka, sura ya 14, ina mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye asipoketi kwanza na kuhesabu gharama ataishia kuchekwa kwa msingi usio na jengo. Waraka wa Yakobo, sura ya 4, nao unawakemea wafanyabiashara wanaopanga mwaka mzima wa faida katika mji fulani ilhali hawajui hata ya kesho. Mara nyingi maandiko haya mawili hugombanishwa: mwenye tahadhari hushika Luka, anayesema Mungu atatenda hushika Yakobo. Mimi naona yanadai jambo moja. Luka anataka hesabu ipigwe. Yakobo anataka hesabu hiyo iwe na safu ya yasiyojulikana. Waislamu wanayo hadithi inayofika palepale, ya Mtume kumwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza kisha amtegemee Mungu. Anayetegemea bila kufunga ni mzembe. Anayefunga na kudhani kamba ndiyo Mungu naye amekosea, na kosa hilo la pili ndilo la mtu anayekuonyesha jedwali la miaka tisa ya akiba, kila mwaka na tarakimu yake, bila mstari hata mmoja ulioachwa wazi.

Kwa gari la haibridi safu ile ya yasiyojulikana ina mambo ya kushikika. Betri ya Aqua ile ya kwanza imeundwa kwa moduli 20 zilizounganishwa pamoja; moja ikidhoofika, huzivuta nyingine chini. Hupozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, karibu na kiti cha nyuma, na vumbi la murram likiziba feni hiyo, betri hupata joto na kuzeeka kabla ya wakati wake. Kuisafisha ni kazi ndogo, kwa anayejua kwamba feni ipo. Umeme wa mfumo huu unaweza kuua, kwa hiyo fundi aliyezoea injini za kawaida hapaswi kuufungua kwa kubahatisha, na gari linalokokotwa hadi mji mkubwa kutafuta fundi wake limeshakula akiba ya miezi. Nisiwe dhalimu: gari hili pia humpunguzia mwenyewe gharama fulani. Breki zake huchakaa polepole kwa sababu mota hufanya sehemu ya kazi ya kupunguza mwendo, na mifumo ya Toyota haina staata wala altaneta ya kawaida ya kuharibika. Kisha kuna serikali. VAT ya mafuta ilikuja kwa asilimia 8 mwaka 2018, ikawa 16 mwaka 2023. Tozo ya matengenezo ya barabara ikapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024. Na Mswada wa Fedha wa mwaka huohuo ulitaka kila gari litozwe kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani yake, kabla haujaondolewa kufuatia maandamano ya vijana. Mabadiliko ya kwanza yanamfaa mwenye haibridi. Kodi ile ya mwisho ingemuumiza, kwa kuwa gari lake ndilo la thamani kubwa zaidi. Hakuna aliyenunua gari mwaka 2017 aliyeweza kuandika hayo katika jedwali lake.

Mwenye hekima afanye nini basi na yasiyojulikana? Wataalamu wa fedha hujibu kwa wastani: chukua uwezekano wa betri kufa, zidisha kwa gharama yake, ingiza katika hesabu. Kwa kampuni yenye magari mia moja jibu hilo linatosha, maana betri chache zikifa, zile zilizodumu zitalipia. Mtu mwenye gari moja hana wastani. Ana gari moja, ambalo betri yake itakufa au haitakufa, na ikimfia katika muhula ambao mtoto amepelekwa kidato cha kwanza, faida ya wastani ya watu wote wa nchi haitamlipia karo. Kwa mtu wa namna hiyo swali la haki ni kama anaweza kustahimili siku mbaya, na swali la kama gari linaokoa kwa jumla linakuja nyuma yake. Kama hawezi, gari halimfai hata pale hesabu za wastani zinapompendelea. Nadhani hilo ndilo Yakobo alilolilinda. Hakuwakataza watu mipango. Aliwakataza kuishi kana kwamba mpango umeshatimia.

Nafika sasa kwenye sehemu ya hoja ninayoijali zaidi, nayo ni ukweli wa ulinganisho. Kusema nimeokoa shilingi 35,000 ni kusema kwamba kuna mimi mwingine, ambaye hakununua gari hili, na ambaye amepoteza 35,000. Huyo mwingine hayupo. Nimemtunga mimi, na kwa kuwa nimemtunga naweza kumfanya mpumbavu kiasi ninachotaka ili nionekane mwerevu. Mwalimu wetu alijilinganisha na nafsi yake ikiendesha gari la petroli la ukubwa uleule. Lakini kabla hajaenda yadi, mwalimu huyo alikuwa akipanda gari la abiria aina ya Probox hadi Kamukuywa na boda boda hadi shuleni, na mkopo wote wa Sacco ulikuwa bado haujachukuliwa. Ulinganisho wa haki ni kati ya gari la haibridi na maisha hayo, huku pesa za gari zikiwa hisa, au shamba la mahindi, au deni lililolipwa. Ukiweka ulinganisho huo, mwalimu wa kilomita 8,000 hajaokoa chochote. Amenunua kitu cha thamani, amelipa, na ana haki ya kukifurahia. Akiba haimo.

Kimilili ina sababu yake ya kulielewa hili. Kanisa la Marafiki, maarufu kama Quaker, lilifika magharibi mwa Kenya mwaka 1902, Wamarekani watatu walipoweka kituo Kaimosi, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Wamejikita hapa jirani kabisa, Lugulu na katika shule ya Marafiki ya Kamusinga. Watangulizi wao wa Uingereza katika karne ya 17, wafuasi wa George Fox, walikataa kula kiapo mahakamani kwa hoja kwamba kuapa ni kukiri kwamba siku nyingine unasema uongo. Sokoni walikataa kutaja bei ya juu ili washushwe; walitaja bei moja, ile waliyokuwa tayari kuipokea, mtoto akitumwa dukani apate bei ya baba yake. Ushuhuda huo wa bei moja kwa kawaida huhubiriwa kwa muuzaji. Nauona unamhusu mnunuzi pia, pale anapojiuzia jambo mwenyewe. Mtu anayejiambia ananunua gari ili abane matumizi, na kumbe moyoni analitaka kwa sababu majirani wanalo, amejitajia bei mbili: moja ya kumwonyesha mke wake na kamati ya mikopo, nyingine anayoijua peke yake. Udanganyifu huo hauvunji sheria yoyote, na hakuna atakayemshtaki. Lakini unamharibia chombo anachohitaji zaidi maishani, yaani uwezo wa kujua kwa nini anafanya anachofanya.

Kuna pingamizi hapa, nalo ni zito. Litasema kwamba ninamdai mtu maskini hesabu ambazo tajiri hadaiwi. Gari katika Kimilili ni zaidi ya pesa. Ni mgonjwa kufikishwa hospitali saa nane za usiku barabara ikiwa tope. Ni mama mzee kwenda kanisani bila kupakiwa kwenye pikipiki mvua ikinyesha. Ni mkulima kufika mjini na mayai yake mazima. Nakubali yote hayo, tena kwa moyo mkunjufu. Ninachokataa ni kuyabeba chini ya jina la akiba. Mtu akisema ninalipa shilingi kadhaa kwa mwaka ili mama yangu asinyeshewe, amesema neno la heshima, na hakuna mtu mwenye haki ya kulipinga kwa kalamu na karatasi. Tena akishalisema hivyo, ataona uhuru uliokuwa umefichika: gari la petroli tupu, la bei nafuu, ambalo fundi wa mtaani analijua, litamfikisha mama yule vizuri vilevile, na zile 250,000 za tofauti zitabaki kwa ajili ya matibabu yenyewe. Jina la akiba ndilo lililomsukuma kwenye gari la bei kubwa zaidi.

Hata kwa yule mwakilishi wa mauzo, ambaye kwake akiba ni ya kweli, bado kuna swali: imekwenda wapi? Mwaka 1865 mwanauchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliandika kitabu kuhusu makaa ya mawe akaonyesha jambo lililowashangaza wenzake. Injini za mvuke zilizidi kuboreshwa, zikahitaji makaa machache zaidi kwa kazi ileile, na badala ya nchi kutumia makaa machache ikatumia mengi zaidi, kwa kuwa kazi nyingi ambazo awali hazikulipa sasa zililipa. Kilomita inaposhuka kutoka shilingi 13 hadi 9, safari ambazo jana zilionekana anasa leo zinaonekana za kawaida. Mazishi ya mtu wa mbali unayemjua kwa jina tu, mkutano ambao simu ingeutosha, mzunguko wa Jumapili hadi Kitale bila haja. Si safari zote za ziada ni mbaya; kumzika mtu ni wema, na pengine gari limempa mtu nafasi ya kuwa jirani mwema zaidi. Lakini mwisho wa mwaka bili ya petroli imekaribia kuwa ileile ya zamani, na mwenye gari bado anaamini ameokoa 110,000. Yule tajiri mpumbavu wa sura ya 12 ya Luka, aliyepanga kubomoa maghala yake na kujenga makubwa zaidi, hakukosa kwa kuvuna sana. Ziada ilipokuja hakuwa na swali lolote kuihusu isipokuwa pa kuiweka. Ziada ya petroli ni ya hatari zaidi kuliko ile ya nafaka, kwa sababu haionekani. Haina gunia. Isipohamishwa kila mwezi kwa makusudi kwenda mahali penye jina, iwe akaunti ya karo au sadaka au chama, hupotea ndani ya matumizi ya kila siku na kubaki kama maneno tu.

Wengine watasema kwamba fedha ni kipimo kidogo, na kwamba mwenye haibridi anatunza uumbaji wa Mungu kwa kupunguza moshi. Watu wanaoishi chini ya Mlima Elgon, ambao mito yao inategemea msitu wake, wana sababu nzuri ya kujali hali ya hewa. Kwa gari linalosafiri sana, hoja hii ina uzito wa kweli: theluthi ya petroli ikipungua, theluthi ya moshi wake imepungua. Lakini hufuata kanuni ileile ya kilomita. Gari lisilosafiri sana halina moshi mwingi wa kupunguza, na kulitengeneza, kulisafirisha kutoka Japani na siku moja kuitupa betri yake ni mzigo unaohesabiwa pia. Tena nchi ambayo sehemu kubwa ya umeme wake hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo, ina njia safi zaidi kuliko gari linalojichaji kwa petroli. Ushuru wa bidhaa wenyewe umelitambua hilo: gari la umeme mtupu limewekewa asilimia 10, ilhali haibridi yenye injini isiyozidi cc 1500 hutozwa asilimia 20 kama gari la petroli la ukubwa huo. Pikipiki ya umeme ya mwendesha boda anayezunguka mjini kutwa nzima ingefanya mengi zaidi kwa hewa ya Kimilili kuliko Aqua inayoegeshwa nje ya shule.

Hoja hizi zote zikifuatwa mpaka mwisho, zinatufikisha kwa gari ambalo hakuna mtu anayelionea fahari. Ni Probox ya abiria, ile inayotoka Kimilili kwenda Kamukuywa, Chwele na Bungoma tangu alfajiri. Toyota ilianza kutoa Probox ya haibridi mwishoni mwa 2018, na za miaka ya karibuni bado zina umri unaoruhusiwa kuingia nchini. Tuseme gari hilo linakwenda kilomita 200 kwa siku, likisimama na kuondoka kila kituo, hali inayoufaa mfumo wake. Kwa tofauti ileile ya shilingi 4.40, linaokoa shilingi 880 kila siku ya kazi, na hata mkopo wa 316,000 umerudi kabla ya siku 360 za kazi kupita. Mashaka ya ufundi yapo: vumbi ni lilelile, abiria wakizidi mashine huteseka, na anayeendesha kutwa hana siku ya kupumzisha gari. Hata hivyo hapa ndipo akiba inapokuwa ya kweli, kwa sababu safari hizi zingefanyika tu, haibridi iwepo au isiwepo. Hakuna nafsi ya kubuni iliyotungwa ili ishindwe.

Ila Probox nyingi za abiria si za haibridi, na sababu kubwa iko nje ya ufundi. Mara nyingi mwenye gari si dereva. Mwenye gari hupokea hesabu yake ya siku, kiasi kilichokubaliwa, na dereva hununua petroli kutoka kwenye nauli na kubaki na kinachobaki. Kwa mpango huo, mwenye gari akilipa 250,000 zaidi, akiba yote inaingia mfukoni mwa dereva, na betri ikifa hasara ni ya mwenye gari. Hana sababu ya kununua. Dereva, ambaye angefaidika, hana dhamana ya kukopea. Kila mmoja akipiga hesabu yake peke yake, kwa uangalifu wote wa Luka 14, wote wawili watakataa jambo ambalo lingewafaa wote wawili. Sina tarakimu ya kuondoa ugumu huo, maana unadai kuaminiana: mwenye gari apandishe hesabu ya siku kwa, tuseme, shilingi 500, dereva abaki na 380 alizokuwa hana, na feni ya betri isafishwe kila mwezi mbele ya wote wawili. Kwa kiwango hicho mwenye gari atarudishiwa 316,000 zake baada ya siku kama 630 za kazi, miaka miwili na kitu, akimaliza ndipo waketi tena kuzungumzia zile 500. Abiria wanne walio nyuma wangeweza kuuliza, kwa haki kabisa, kama kuna shilingi kumi za nauli yao ndani ya makubaliano hayo.